Saluni Moja, Kurasa Mbili

Jumatatu, 3 Agosti

Likizo imeanza na tayari imenishinda. Nilipanga kulala mpaka jua linichome. Mama kanivuta shuka asubuhi na mapema, eti saluni haijifungui yenyewe.

Hali yangu kwa kifupi, ili siku nikifa watu wajue nilikuwa nani. Umri: miaka kumi na sita. Chunusi: tele. Marafiki: mama mdogo. Lugha: mbili, Kiingereza cha darasani na Kiswahili cha nyumbani, na mbele za watu sizungumzi hata moja. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu. Mimi si mtulivu! Ndani napiga kelele mchana kutwa. Ni mlango tu umekwama.

Saluni ni ya Mama na mama mdogo, ndugu wa tumbo moja. Viti viwili, beseni moja la kuoshea, drya mbili za kofia, na feni moja inayogeuza shingo huku na huku kama jirani mmbeya. Mama anasuka. Mama mdogo anaosha na kupaka rangi. Taulo ni za aina mbili: za waridi ni za kukaushia, za kahawia ni za wateja wa rangi, maana rangi ya nywele ikimwagikia kahawia haionekani. Ndivyo ilivyo tangu saluni ifunguliwe. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kazi zangu: kufagia nywele, kukunja taulo, na kuendesha ukurasa wa saluni mtandaoni. Ukurasa huo ndio fahari yangu na aibu yangu. Wafuasi hawafiki hamsini. Mmoja ni mimi, na mwingine ni mimi tena kwa jina la paka. Saluni ya ng'ambo ya barabara ina maelfu! Ukurasa wao unaendeshwa na binti wa mwenye saluni, tunayesoma naye darasa moja. Nimembatiza Kidosho. Kidosho hajui aibu ni nini. Kidosho anajipiga picha akitafuna.

Leo kanikuta dukani, akaniuliza kwa sauti, watu wakisikia, kama ukurasa wetu bado unapumua au tayari tumeshauzika. Nilikuwa na jibu kali sana. Lilinijia jioni, nikiwa nasugua sufuria.

Nimeapa. Likizo hii nampita Kidosho. Liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepiga picha ya maana! Mshonaji alikuja kuosha na kusuka. Huyu ni mteja wetu wa kufa na kuzikana, na siku zote huja na shoga yake Nesi, wa pale zahanati. Nesi akikaa kusukwa, Mshonaji humbeba mtoto wa Nesi. Mshonaji akikaa yeye, Nesi humshikia kioo cha nyuma aone kisogo chake. Wamekwenda hivyo miaka. Mshonaji husema mume unaweza kumbadilisha, lakini mtu wa kukushikia kioo utampata wapi?

Nilimpiga picha Mshonaji nywele zikiwa bado mbichi, taulo ya waridi shingoni, na nyuma yake rafu imejaa waridi tupu. Za kahawia zote zilikuwa kwenye kamba uani, maana jana wateja wa rangi walikuwa wengi. Nikaandika kwamba Mshonaji wetu kapendeza, karibuni nyote. Nikaposti.

Laiki mbili. Yangu na ya paka.

Jumatano, 5 Agosti

MUNGU WANGU! Nimekuta simu inatetemeka juu ya meza kama ina homa. Laiki mamia! Komenti hazishikiki! Nikajua tumevamiwa na wapenda nywele.

Wapi. Ikabidi nisome nielewe. Sijaandika humu habari za uchaguzi, maana sina umri wa kupiga kura, na kusema kweli taarifa ya habari ikianza tu mimi nasinzia. Lakini mtaani hakuna habari nyingine. Kuna Chama cha Ufagio, rangi yao waridi, wanaahidi kufagia uchafu wote. Kuna Chama cha Ndoo, rangi yao kahawia, wanaahidi kuosha uchafu wote. Mtaa mzima unagombania uchafu. Taka za kona ya soko ziko palepale, zinawasikiliza.

Basi watu wameona waridi, wakaona msimamo. Mmoja kaandika kwamba hatimaye imepatikana saluni yenye uti wa mgongo. Mwingine kaandika kwamba kuanzia leo afadhali anyolewe kwa kipande cha chupa kuliko kukanyaga kwetu. Wa tatu akamjibu wa pili kwamba hata hizo nywele zenyewe hana. Wakaanza kutukanana mama zao. Juu ya ukurasa wangu! Nilijisikia kama mwenye harusi.

Mama akataka kujua watu wanasemaje. Nikamwambia wanasifia kazi. Mama akajifuta jicho kwa ncha ya aproni, akasema mikono yake imeonekana kabla hajafa. Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini ningemwambiaje mtu mwenye furaha kwamba kilichopendwa ni taulo?

Alhamisi, 6 Agosti

Tatizo dogo. Wateja wawili wa Ndoo wamempigia mama mdogo kuvunja miadi. Mmoja kasema anaumwa. Wa pili kasema yeye haumwi, ila ametuona rangi yetu.

Mama mdogo hakuelewa. Kaniuliza mimi, maana mambo ya simu ni yangu. Nikasema mtandao unasumbua. Mama mdogo huniamini. Ndiye mtu pekee duniani ambaye nikimsemesha maneno yanatoka kwa mpangilio, kichwa mbele mkia nyuma. Tukiwa wawili tu, mimi ni mchekeshaji. Kweli! Humvunja mbavu.

Kwa hiyo nikatafuta usawa. Nimeposti picha ya taulo za kahawia, zimekunjwa vizuri, bila neno.

Ufagio wakasema tumehongwa. Ndoo wakasema tumeogopa. Pande zote mbili zikasema hazitatusahau. Na wafuasi wakaongezeka mara mbili!

Hapo ndipo nilipogundua siri ambayo Kidosho, na midomo yake yote ile, hajaigundua. Nywele nzuri mtu anazitazama, anapita. Hasira haipiti. Hasira inakaa, inaita binamu zake, inarudi usiku kuangalia nani kaijibu.

Nina wazo. Ni kubwa mno.

Ijumaa, 7 Agosti

Kurasa MBILI! Saluni moja, kurasa mbili. Ule wa zamani nimeupa jina la Saluni ya Waridi. Mpya unaitwa Saluni Kahawia. Kila mtu aone anachokipenda na asione kinachomuudhi. Si ndiyo huduma bora kwa mteja?

Mama mdogo ana kile kichwa cha plastiki cha kufundishia wanafunzi kusuka. Nimekipiga picha na taulo ya waridi, nikaposti huku. Nikakivisha ya kahawia, nikaposti kule. Kichwa kilekile! Mtu wa Ufagio kaandika kwamba ukimtazama tu dada huyu unaona amelelewa. Mtu wa Ndoo kaandika kwamba uso wenye akili namna hii huwezi kuukuta kwa wale wenzetu. Kichwa chenyewe hakina hata masikio.

Nesi ametia laiki Kahawia, akaandika kwa herufi kubwa kwamba sasa amepata nyumbani. Mshonaji alikuwa ameandika maneno hayohayo kwenye Waridi. Nyumbani kwenyewe ni kiti kilekile, na mpira wake umetoboka palepale.

Miadi ya kesho imejaa! Nimepanga kwa akili: Ufagio asubuhi, Ndoo baada ya saa nane. Adhuhuri nabadilisha taulo. Hakuna atakayekutana na mwenzake. Mama na mama mdogo nimewaambia kahawia naziloweka asubuhi, zina doa. Wamenisifu kwa usafi.

Na bado! Kidosho anafuata kurasa zote mbili. ZOTE. Nimelitazama jina lake kwenye orodha mpaka nimesikia njaa.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandikia chooni. Sitoki.

Asubuhi ilianza vizuri. Saluni imejaa Ufagio, wote wanakubaliana kwa kila jambo, na wanapiga kelele utadhani kuna anayepinga. Kosa langu ni moja tu. Nilipanga saa za wateja, sikupanga saa za nywele. Mshonaji alikuwa amefumua misuko ya Jumanne ili asukwe upya, kichwa kikawa na mafundo, Mama akachelewa, wengine wakarundikana. Saa nane Ndoo wakaanza kuingia. Waridi bado wako nusu ya kusukwa. Hakuna wa kutoka!

Wakakaa. Benchi la kulia, benchi la kushoto. Kimya kama msibani, ila msibani angalau watu wanapeana pole. Mama mmoja wa Ufagio akanyoosha mkono, akabonyeza kile kidude cha juu ya feni. Feni ikaacha kugeuza shingo. Upepo wote upande wake. Upande wa pili jasho likaanza kutiririka, na hakuna aliyelalamika. Walilipangusa jasho lile kwa fahari, kama medali.

Kisha zamu ya Nesi ikafika. Bila kufikiri akamnyooshea Mshonaji mtoto, kama siku zote. Na mtoto bila kufikiri akanyoosha mikono. Mshonaji akaitazama ile mikono. Akasema mikono yake imechoka, eti awape hao aliopata nyumbani kwao. Kumbe alisoma komenti! Nesi akarudisha mtoto kifuani polepole, kama mtu aliyemwagiwa maji mbele za watu. Mtoto akalia. Nikapewa mimi. Akanitapikia.

Nilitaka kusema kitu. Naandika hapa kwa ushahidi kwamba nilitaka. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa.

Mbaya zaidi haijafika. Mwenye Duka la Viatu, Ndoo damu, alikuwa amepakwa rangi nyekundu. Dakika zimetimia, inabidi aoshwe. Mama mdogo akaomba taulo ya kahawia. Zote bado zimo ndani ya maji uani, nilikoziloweka mimi mwenyewe, maana Ufagio hawakuondoka nizibadilishe! Mama mdogo hana habari ya chama chochote, akavuta ya waridi, akamtupia mteja shingoni.

Mwenye Duka la Viatu akajiona kwenye kioo. Akapiga ukelele wa mtu aliyevishwa nyoka. Mama mdogo akamsihi kwamba ile rangi ikizidi muda inaunguza. Akajibu kuwa heri aungue. Akaitupa taulo sakafuni, akatoka mbio, rangi inamshukia usoni na mgongoni, wekundu mtupu, mtu wa baiskeli akaacha usukani akifikiri kuna aliyechinjwa. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka ng'ambo. Huku Ufagio wanashangilia!

Mlangoni kwa saluni ya ng'ambo alisimama Kidosho, simu juu, uso umetulia. Amerekodi kuanzia kizingiti mpaka kizingiti.

Anapiga picha vizuri, lazima nikiri.

Jumapili, 9 Agosti

Video imeenda mbali kuliko nilivyowahi kwenda mimi. Nesi kamtumia mama mdogo ukurasa wa Waridi, kama ushahidi. Mshonaji kamtumia Mama ukurasa wa Kahawia, kama ushahidi. Mama akaamini kwamba mama mdogo, kwa kuwa yeye ndiye wa taulo za kahawia, kafungua ukurasa wa siri kuiuza saluni kwa Ndoo. Mama mdogo akaamini kwamba dada yake kaiuza kwa Ufagio.

Mimi hakunishuku mtu, ingawa ukurasa ni kazi yangu. Mama alisema mbele yangu, akininyooshea kidole, kwamba hata asingizie nani, hawezi kumsingizia mtoto huyu ambaye kusalimia wageni tu ni kazi. Sijawahi kutetewa vizuri namna hiyo. Iliniuma mpaka kwenye kucha.

Kwanza waligombana habari za vyama. Hawazijui, kwa hiyo hazikuwatosha. Wakahamia habari za saluni: wazo lilikuwa la nani. Kisha ya zamani zaidi: nani alivaa viatu vya nani siku ya kipaimara vikarudi vimepasuka. Mama mdogo akamwambia Mama, wewe dada ulizaliwa unatoa amri, mkunga alisimulia. Mama akajibu kwamba afadhali yeye aliyezaliwa, kuna wengine waliokotwa. Hapo mama mdogo akavua aproni. Akachomoa drya yake ukutani. Akakunja waya taratibu, akaifunga kwa kibanio cha nywele.

Akapita mbele yangu na drya kifuani. Akaniambia nisimsahau. Nisimsahau! Mimi! Neno moja tu lingemrudisha. "Mimi." Herufi nne. Nililishika ulimini. Likakaa hapo, likatazama watu, likarudi ndani.

Amevuka barabara. Saluni ya ng'ambo wamempa kiti.

Jumatatu, 10 Agosti

Saluni ina mwangwi. Mama anaosha mwenyewe, anasuka mwenyewe, anagombana mwenyewe. Wateja wa Ndoo wamemfuata mama mdogo. Wa Ufagio wamebaki na Mama, lakini hawaji kusuka. Wanakuja kumpa pole, wanakaa chini ya feni, wanaondoka.

Chakula cha mchana Mama alipakua sahani tatu. Akaitazama ya tatu. Akairudisha sufuriani.

Nimeamua kusema ukweli! Lakini si kwa mdomo, mdomo wangu tunaujua. Nimefungua akaunti mpya iitwayo Msema Kweli. Nimeandika kila kitu: kurasa zote mbili ni kazi ya mtu mmoja, saluni haina chama, kichwa ni cha plastiki. Nikaweka na picha ya kichwa kikiwa uchi.

Ufagio wakajibu kwamba Msema Kweli ni kibaraka wa Ndoo. Ndoo wakajibu kwamba Msema Kweli analipwa na Ufagio. Mmoja akasema anamfahamu dada wa kwenye picha, walisoma pamoja, na ni aibu kumwita plastiki. Ikaanzishwa kampeni ya kumtetea kichwa.

Laiki moja tu. Nilimsahau paka, kwa hiyo nilimwongeza. Mbili.

Jumanne, 11 Agosti

Nimevuka barabara.

Siyo kwa ushujaa. Nilisimama kizingitini kwao asubuhi nzima. Kidosho akaniona, akaniuliza, eti nimekuja kumwangalia mama mdogo au nimekuja kutafuta kazi. Nikatikisa kichwa. Akaniambia basi niingie, nisisimame mlangoni kama ankara ya umeme. Sikujua kama ni tusi au ni wema. Nikaingia.

Mama mdogo alikuwa peke yake kwenye beseni. Akanikalisha, akanilaza kichwa nyuma, akafungua maji ya uvuguvugu.

Mama mdogo husema kwamba mteja akishalaza kichwa beseni hukiri mambo ambayo hata mume wake hayajui. Ni kwa sababu humwoni mtu. Unaona dari, sabuni inakuziba masikio, sauti yako mwenyewe inakujia kama ya mtu wa chumba cha pili. Basi nikaiambia dari. Nikaiambia kwamba taulo za kahawia zilikuwa kwenye kamba. Nikaiambia kurasa mbili, kichwa, kuloweka, paka, Msema Kweli. Maneno yalitoka yote, yakasukumana mlangoni.

Vidole vya mama mdogo vikasimama. Maji yakawa ya baridi. Kisha ya baridi zaidi. Nikasema naomba msamaha. Yakawa barafu.

Akaniuliza jambo moja. Aliniuliza nilikuwa wapi alipopita na drya kifuani. Nikasema nilikuwa palepale. Akasema, ndiyo, nilikuona.

Nimelia na povu machoni. Nilisingizia povu.

Jumatano, 12 Agosti

Amerudi! Drya imerudi ukutani! Mama mdogo aliniita ng'ambo, akanivuta kwa sikio mpaka huku, magari yakatupisha, akanisimamisha mbele ya Mama akasema, dada, huyu hapa chama chako.

Nikasimulia tena, safari hii bila beseni. Yalitoka maneno kama saba. Yalitosha.

Mama alikaa chini. Kisha wakaanza, kwa zamu, mmoja akishika pumzi mwenzake anapokea, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mama akasema mtoto huyu ni mkimya kama maji ya mtungi, kumbe ndani kuna mamba. Mama mdogo akasema mamba ana haya. Mama akasema hajawahi kuona! Mama mdogo akasema hata yeye! Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili walikuwa wanakubaliana, na walichokubaliana ni mimi. Wakaishia kuchemsha chai na kunisema huku wakinipitishia vikombe niwaoshee.

Adhabu: simu imechukuliwa. Na kesho napelekwa kwa Mshonaji na kwa Nesi kuomba radhi kwa mdomo wangu. MDOMO!

Ijumaa, 14 Agosti

Nimeomba radhi. Kwa Mshonaji nilinong'ona. Kwa Nesi nililia kabla ya kuanza, akadhani nimeleta ugonjwa, akanipima homa.

Mama mdogo, mjanja, akawaita wote wawili saluni leo saa moja asubuhi, eti waje waamue nifanywe nini. Wakaja. Wakakaa mabenchi mbalimbali. Hawakusalimiana. Nesi akasema, akiitazama feni, kwamba mtoto kama mimi zamani alipelekwa shamba. Mshonaji akasema, akiitazama feni hiyohiyo, kwamba shamba lenyewe ni zawadi. Nesi akasema si uongo. Mshonaji akasema yeye angenishonea gauni moja la gunia nivae mpaka Krismasi. Nesi akacheka! Alijaribu kuzuia, ikatokea puani. Akauliza gunia la mistari au wazi. Wakaanza kujadili mishono, na mtoto wa Nesi alikuwa akining'inia upande, Mshonaji akamchukua bila kusimamisha sentensi. Mama alijifanya anatafuta sega.

Lakini siku haikuisha vile ilivyoanza. Mwenye Duka la Viatu alipita mlangoni, kilemba mpaka kwenye nyusi, akatema mate kizingitini. Mshonaji akamwita maji machafu. Nesi akamwambia Mshonaji aangalie maneno yake. Mshonaji akasema hakumsema yeye. Nesi akajibu kwamba ndoo ni ndoo. Akamchukua mtoto wake, ila safari hii alimchukua taratibu, na akasema ataonana naye Jumanne.

Jumanne. Mama mdogo anasema hilo ni la kushukuru. Mama anasema tusubiri Jumanne yenyewe.

Jumamosi, 15 Agosti

Leo Mama amenipa simu kwa muda mfupi, amesimama juu ya kichwa changu, nifute kurasa zote. Nimefuta Waridi. Nimefuta Kahawia. Nimemfuta Msema Kweli. Nimemfuta hata paka, na huyo niliumia. Mama akaridhika, akaenda kumsuka mteja.

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilikuwa nawaza. Jana nimejifunza somo kubwa kabisa la maisha yangu, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeliona. Mama na mama mdogo wamepatanishwa na nini? Na mimi. Mshonaji na Nesi walicheka pamoja juu ya nini? Juu yangu, nikiwa nimevaa gunia! Mtaa huu haukosi upendo. Unakosa mtu mmoja wa kumchukia kwa pamoja. Na mtu huyo wanaye. Yupo, hana kazi, yuko likizo.

Basi nimefungua ukurasa mmoja tu. MMOJA! Mama alikataza kurasa mbili. Unaitwa Tumkomeshe Binti wa Saluni. Nimeandika habari zangu zote kwa ukali, na nikiri, naandika vizuri nikijichukia. Picha nimeweka ya ripoti ya shule, ile yenye chunusi, ili watu wapate pa kuanzia.

Imeshika moto! Waridi wamo, kahawia wamo, bega kwa bega! Mwenye Duka la Viatu kaandika aya tatu na kuna mtu wa Ufagio kamwandikia "umesema kweli dada yangu". Dada yangu! Nilikaribia kulia. Kidosho ametia laiki, kisha akaandika kwamba ananifahamu tangu darasa la kwanza na nilikuwa hivihivi. Hajawahi kuandika jambo refu namna hiyo kunihusu. Wafuasi wamewapita wa kwake kabla ya chakula cha mchana. NIMEMPITA KIDOSHO!

Kuna kasoro moja ndogo tu. Kufikia alasiri wamejigawa. Wengi wanasema nichapwe. Lakini chini, chini kabisa, kuna wachache wanaosema mimi bado mtoto, nisamehewe, na hao wa juu wanawatukana vibaya sana. Mshonaji yuko na wa juu. Nesi yuko na wa chini. Wameanza kujibizana.

Nimewaonea huruma hao wa kunisamehe. Watu wema, wanabanwa kwenye ukurasa usio wao, hawana pa kusemea.

Mama bado anasuka. Nitawafungulia wa kwao.